Kenge katika Msafara wa Mamba: Neno 'Alligator', Ngozi na Dhana ya Umaskini wa Kiswahili

Makala haya yamezaliwa na alama tatu za mtihani. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, katika chuo ambacho hatuna haja ya kukitaja, alitakiwa kutafsiri dondoo kutoka tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, pale katika tendo la tano ambapo Romeo anakumbuka duka la muuza dawa fukara. Dukani humo mmetundikwa kobe, mna ngozi za samaki wa maumbo ya ajabu, mna visanduku vitupu, na katikati ya takataka hizo mna mnyama aliyekaushwa na kujazwa makapi ambaye Mwingereza anamwita 'alligator'. Mwanafunzi aliandika 'kenge aliyejazwa makapi'. Mtahini alilipiga neno kenge mstari mwekundu, akaandika juu yake 'mamba', kisha akakata alama tatu.

Mimi nilikuwa msahihishaji wa pili. Nilipouliza sababu nilipewa jibu ambalo, kwa kuwa nimelisikia tena na tena katika semina na makongamano yetu, naona halifai kuachwa lipite. Jibu lenyewe lilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, kwamba Kiswahili hakina neno la 'alligator', kwa hiyo mfasiri hana budi kutumia mamba kwa kuwa ndilo lililo karibu. Pili, kwamba jambo hili halishangazi, madhali Kiswahili ni lugha maskini katika uwanja mzima wa wanyama na ngozi zao: pale ambapo Kiingereza kina 'skin', 'hide' na 'leather', sisi tuna ngozi tu. Alama hazikurudishwa na mwanafunzi amekwisha kwenda zake. Hoja, hata hivyo, ingali hapa, nayo ndiyo tunayokusudia kuipinga.

Tuanze na neno lenyewe. Wahispania walipofika Amerika walimkuta katika mito na vinamasi mnyama ambaye hawakuwa na jina lake. Wakamwita el lagarto, yaani 'yule mjusi'. Mabaharia wa Kiingereza walilisikia jina hilo, wakadhani kibainishi el ni sehemu ya nomino, wakaviunganisha viwili hivyo kuwa kimoja. Katika toleo la Romeo and Juliet lililochapwa mwaka 1597, tahajia ya neno hili ingali karibu na Kihispania kuliko hii tuijuayo leo. Hatuna haki ya kuwacheka. Nasi tumeichukua al ya Kiarabu pamoja na nomino zake tukapata alfajiri, alasiri na Alhamisi, na hakuna Mswahili anayehisi kwamba asemapo alfajiri ametamka vitu viwili. Lakini jambo moja lazima likumbukwe. Neno ambalo mtahini wetu analiona kuwa istilahi timamu iliyokosa mwenziwe katika Kiswahili, lenyewe lilianza kwa kukosa neno. Mhispania alifanya kile kile alichokifanya mwanafunzi wetu: alimtazama mnyama mgeni, akampa jina la mtambaazi aliyemzoea kwao. Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Hapa waliomwingiza kenge msafarani ni Mhispania na Mwingereza. Kosa la mwanafunzi, kama ni kosa, ni kumtambua.

Wanazuolojia walikuja baadaye wakalipa neno hili mipaka ambayo halikuwa nayo. Leo tunajua kwamba kuna spishi mbili tu za mnyama huyu: mmoja huishi kusini-mashariki mwa Marekani, na mwingine, mdogo wake kwa umbo na aliye katika hatari ya kutoweka, huishi katika bonde la mto Yangtze nchini China. Afrika hayupo. Mamba wetu wa mto Tana, wa Mara na wa Ziwa Turkana ni wa jamii nyingine. Pua ya mamba imechongoka. Ya mwenzake ni pana kama jembe. Mamba akifumba kinywa, jino la nne la taya la chini hubaki nje likionekana. La mwenzake hufichwa na taya la juu. Kwa hiyo mfasiri aandikaye mamba hajakaribia popote. Amemhamisha mnyama kutoka bara moja hadi jingine, kisha akaita uhamisho huo usahihi. Kwa kitabu cha biolojia, mimi sina ugomvi na wale wanaopendekeza 'aligeta'. Pendekezo la 'mamba wa Marekani' husikika vizuri mpaka itakapotulazimu kumtaja mamba wa Marekani aishiye China.

Fasihi, lakini, si biolojia, na swali la mfasiri wa fasihi si 'mnyama huyu ni nani?' bali 'mnyama huyu anafanya nini hapa?' Mwishoni mwa karne ya 16, kwa hadhira ya London, mnyama huyu alikuwa kioja kilichotoka ng'ambo ya bahari. Muuza dawa amemtundika ili mteja ashangae, asahau kwamba visanduku ni vitupu. Ni pambo la mtu asiye na kitu. Mamba hawezi kuifanya kazi hiyo kwa msomaji wa Kiswahili. Kwetu sisi mamba si kioja, ni hatari. Ndiye yule usiyemtukana kabla hujavuka mto. Ukimtundika katika duka la fukara, msomaji atauliza mara moja ni nani aliyemuua, na yule fukara atageuka shujaa. Kenge mkavu, kwa upande wake, anakaa vizuri miongoni mwa makorokoro ya mganga asiye na wateja. Mimi binafsi ningaliacha 'aligeta', ili ugeni wa neno ubaki masikioni mwetu kama ulivyokuwa masikioni mwa wale waliolisikia mara ya kwanza. Mwanafunzi aliuchagua ufukara wa duka akauacha ugeni wa mnyama. Hayo ni masomo mawili ya matini moja, na kila moja linaweza kutetewa kwa kurejelea matini. 'Mamba' haliwezi kutetewa ila kwa kurejelea kamusi.

Kama kuna asiyeridhika, na twende kwa Sheridan. Katika The Rivals, tamthilia iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1775, yumo Bi Malaprop, mama apendaye maneno makubwa asiyoyajua. Akilalamikia ukaidi wa mpwa wake, anamlinganisha na 'allegory' katika kingo za mto Nile. Alikusudia kusema 'alligator'. Wahakiki wa Kiingereza wamelicheka kosa hilo kwa zaidi ya karne mbili, na aghalabu hawataji kwamba chini yake limelala kosa jingine: katika Nile hakuna 'alligator' hata mmoja. Mto Nile una mamba. Hata kama mama huyu angalilipata neno alilolitaka, bado angalikosea. Na kwa jinsi dhihaka ilivyojengwa, yamkini mwandishi mwenyewe hakujali tofauti hiyo. Lugha inayosifiwa kwa utajiri wa kutenganisha wanyama hawa wawili iliwachanganya jukwaani, na hakuna aliyeiita maskini.

Sasa, mfasiri wa Kiswahili afanyeje na dhihaka hii? Akiandika mamba na istiara, amekufa. Maneno hayo mawili hayafanani hata kwa irabu (achilia mbali kwamba nusu ya wanafunzi wetu hawajui kama istiara ni sawa na sitiari, na vitabu vyetu vya kiada haviwasaidii). Lakini akimkumbuka kenge, mlango unafunguka. Kenge ndiye mfano wa ukaidi katika misemo yetu: inasemwa hasikii mpaka atokwe na damu masikioni. Na neno la kihakiki lianzalo kwa ke- tunalo: kejeli. Basi mama huyu na aseme kwamba binti ni mkaidi kama kejeli ya mtoni, na hadhira ya Kiswahili itacheka mahali pale pale ilipocheka hadhira ya London, kwa sababu ile ile. Sidai kwamba hii ndiyo tafsiri bora. Nadai tu kwamba anayeipata ni yule aliyejiuliza ukaidi unakaa wapi katika Kiswahili, na kwamba kamusi ya lugha mbili, iwe ya Johnson (1939) au ya TUKI (1996), haiwezi kumpa jibu hilo, wala haikutungwa kwa kazi hiyo.

Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, ile ya Antony na Cleopatra, Lepidus akiwa amelewa anamwuliza Antony mamba ni kitu cha namna gani, na Antony anamjibu kwa maelezo marefu ambayo, ukiyachuja, yanasema kwamba mamba ni mamba. Lepidus anaridhika. Kila ninaposikia mtahini akisema 'kamusi inasema hivyo', huwa namkumbuka Lepidus.

Nageukia sasa ngozi, maana hapa ndipo madai ya umaskini yanapodhaniwa kuwa na nguvu.

Ni kweli kwamba biashara ya ngozi inatenganisha kwa makini. Mnunuzi wa ngozi hana haja ya kuona pua wala meno. Hutazama magamba: kwenye ngozi ya mamba, kila gamba huwa na kitundu kidogo kama kilichotobolewa kwa sindano, kwenye ngozi ya 'alligator' vitundu hivyo viko kando ya taya tu, na taya haifiki kiwandani. Mamba wa Ziwa Turkana wana vifupa vigumu ndani ya magamba ya tumboni vinavyoiharibia ngozi thamani, na inasemekana hivyo ndivyo vilivyowanusuru na wawindaji wakati ambapo wenzao wa maji mengine walichunwa kwa wingi. Tangu Mkataba wa Washington wa 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hati ya kusafirisha ngozi ya namna hii hutaja spishi kwa jina lake la kisayansi, yaani kwa Kilatini. Angalia basi: pale ambapo tofauti ina bei au adhabu, hata Mwingereza hayaamini maneno ya Kiingereza. Na katika maduka yake 'alligator' mara nyingi si mnyama kabisa. Ni mchoro. Ni ngozi ya ng'ombe iliyokandamizwa kwa bamba la chuma lenye umbo la magamba.

Ushahidi wa jambo hili si lazima tuufuate Ulaya. Siku chache baada ya kisa cha zile alama tatu nilipita soko la Kariokor jijini Nairobi, ambako mafundi wa viatu vya ngozi wamekaa miaka mingi, nikamwuliza fundi mmoja kuhusu mkoba uliokuwa na magamba. Hakuhitaji istilahi. Aliniambia kwamba ngozi ni ya ng'ombe na chapa ni ya mamba, akaugeuza ndani nje nione. Ngozi ya ng'ombe, chapa ya mamba: maneno hayo yanasema ukweli ambao neno moja la Kiingereza limeundwa ili lisiuseme. Fundi huyo hakuwa maskini wa lugha.

Madai kwamba ngozi ni neno moja dhidi ya matatu yanategemea mtu anahesabu nini. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenye kuhesabu kwa Kiingereza huvuta vivyo hivyo. Kiingereza kimeigawa ngozi kwa kuuliza: ni ya nani, na imekwisha kutengenezwa au bado? Kiswahili kimeigawa, kwa sehemu kubwa, kwa kuuliza: imefanywa nini? Ngozi iliyowambwa juu ya mzinga wa ngoma ni kiwambo. Iliyoshonwa ikatiwa maji ni kiriba, na hilo neno lingali hai kiasi cha kuzaa kiribatumbo katika istilahi za afya. Iliyofunika upanga ni ala; iliyobeba mishale ni podo; iliyokatwa ikanakshiwa kwa miguu ya watu wa mwambao ni makubadhi. Anayeichukua kutoka kwa mnyama huichuna, na kitenzi hicho kimetembea hadi mijini, ambako kuna mabuzi wanaochunwa wakiwa hai na wakicheka. Anayeifanya isioze huidabaghi. Neno hili la mwisho limo katika kamusi zetu, lakini ukilitumia mbele ya darasa utaona macho yakikutazama kama umezungumza Kiajemi. Tunalo neno, tumelisahau, kisha tunatangaza kwamba hatuna.

Hatusemi kwamba hakuna mapengo. Yapo. Ngozi iliyokwaruzwa ikawa laini kama mahameli, ngozi iliyopakwa ikang'aa kama kioo, hizo hatujazipa majina yanayokubalika na wote, na wenye viwanda wanayahitaji zaidi kuliko sisi wa fasihi. Wapewe. Lakini pengo la istilahi za kiwandani si hoja dhidi ya lugha nzima, sembuse dhidi ya mwanafunzi aliyemtafsiri Shakespeare.

Kuna maneno mawili ambayo nataka kukaa nayo zaidi, kwa sababu yanatuhusu sisi tusomao na kuandika. La kwanza ni jalada. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu j-l-d, wenye maana ya ngozi. Vitabu vilijalidiwa kwa ngozi, na ganda la kitabu likaitwa kwa jina la kilichoundia. Kutoka mzizi huo huo tumepata mjeledi. Jarida lililo mikononi mwa msomaji lina jalada la karatasi, na halina mnyama ndani yake, lakini kwa lugha yetu bado limevaa ngozi, na ngozi hiyo ni ndugu wa kile kinachopiga.

La pili ni kiboko. Kiboko ni mnyama wa mtoni. Kiboko ni mjeledi uliokatwa katika ngozi yake nene. Na kiboko ni pigo lenyewe, ndiyo maana twasema mtu alipigwa viboko sita. Wanafunzi wetu hulitaja neno hili kama mfano wa kitawe, kana kwamba maana zake zimekutana kwa bahati kama abiria ndani ya matatu. Hazikukutana kwa bahati. Chini ya utawala wa Wajerumani huko Tanganyika, viboko ishirini na vitano vilikuwa adhabu ya kawaida kiasi kwamba watu waliipa jina la hesabu yake, hamsa ishirini. Walowezi wa Kenya walilichukua neno kiboko wakaliingiza katika Kiingereza chao bila kulitafsiri, kama walivyokichukua chombo chenyewe. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na adhabu hiyo ikaondolewa katika sheria za jinai mwaka 2003. Kufikia wakati huo fimbo ilikuwa ya mti kwa muda mrefu na mnyama alikuwa amekwisha kutoka katika neno. Hii ni taashira iliyokufa, na mhakiki anayejua kazi yake huweza kuifufua.

Akiifufua, ataona kwa nini ngozi moja si upungufu. Katika kila tukio la mtu kupigwa kiboko kuna ngozi mbili, ya mnyama iliyokaushwa na ya binadamu iliyo hai, na Kiswahili kinaziita kwa jina moja. Sentensi isemayo kwamba ngozi iliichana ngozi inawezekana katika lugha hii, na inatisha. Mwenye kuitafsiri kwa Kiingereza hana budi kuchagua maneno mawili tofauti, na akisha kuyachagua utisho umepungua, maana kitu kimoja kimekuwa bidhaa na kingine mwili. Kiingereza chenyewe kinalijua hili kwa siri: mzazi wa Kiingereza anapomtisha mwanawe kwa kipigo humwambia kwamba ataidabaghi ngozi yake, na hapo huliacha neno la ngozi ya binadamu akachukua lile la ngozi ya mnyama. Mipaka yake mitatu huvunjika pale pale fimbo inapoinuliwa. Wakoloni walipoandika ripoti zao kuhusu adhabu, mipaka hiyo iliwafaa. Sijui ni kwa nini sisi tuionee wivu.

Ndiyo maana siwezi kuliona suala la kenge na mamba kuwa dogo. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba lugha yake ni orodha yenye mapengo ukiilinganisha na orodha ya Mwingereza, atahakiki hivyo hivyo. Atasoma tamthilia ya Kiswahili akitafuta ndani yake kile kinachokosekana. Nimeisoma miswada ya tasnifu ya namna hiyo, na baadhi yake niliisimamia mwenyewe, wala sikuikemea kama ilivyostahili.

Kwa kuwa nimemtetea mwanafunzi kwa urefu wote huu, ni haki niseme pia alipokosea. Katika sentensi ile ile ya duka la dawa, mahali ambapo Shakespeare anataja ngozi za samaki, aliandika 'magamba ya samaki'. Gamba si ngozi: samaki huparwa magamba kabla ya kupikwa, na ngozi yake hubaki. Muuza dawa alikuwa na ngozi nzima, zenye umbo la samaki ambao hakuna aliyewajua, na ni umbo hilo linalomshangaza mteja. Rundo la magamba halina umbo. Mtahini hakuliona kosa hilo. Mimi ningalimkata alama moja.